Fundi Emerensiana na lipu iliyokaribia kuibomoa Nyumba ya Makarani

Saa moja kasoro robo asubuhi, Emerensiana Ndunguru amesimama juu ya jukwaa la milingoti, mita tatu kutoka ardhini, anapitisha burashi pana ukutani. Hapaki rangi. Anapaka maji matupu. Anachovya kwenye ndoo, anapitisha mara mbili, kisha anatulia na kutazama.

Maji hayatiririki. Yanazama ndani ya matofali mekundu na kupotea.

"Ukuta unakunywa," anasema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayemwona mgonjwa wake amemaliza kikombe cha uji. Ndipo anauchukua mwiko.

Upande wa pili wa jengo, kwenye baraza ya juu, Hafidha Mbaraka anaanika nguo za watoto wake. Kwa zaidi ya mwaka mzima baraza hiyo ilifungwa kwa kamba na kibao cha hatari, na nguo zilianikwa kwenye uzio wa jirani. Leo shuka linaning'inia pale juu na hakuna anayesimama chini kuangalia kama nguzo inatikisika.

Hapa ni pembezoni mwa mji wa Mbinga, mkoani Ruvuma, ambako jengo la ghorofa moja lenye vyumba kumi na vinne limesimama kwenye mteremko tangu mwaka 1958. Wenyeji wanaliita Nyumba ya Makarani, kwa kuwa lilijengwa kwa ajili ya makarani waliopima na kuandika kahawa ya wakulima. Makarani walistaafu, wengine wakazikwa, vyumba vikapangishwa. Sasa wanaishi humo watu wa kaya kumi na moja: mshonaji, wauza maharage, dereva wa bodaboda, mwalimu wa chekechea na karani mmoja wa zamani aliyekataa kuhama.

Mwaka jana jengo hili lilikuwa limeshahukumiwa kubomolewa. Na mtu aliyekodiwa kulibomoa ni huyu huyu Emerensiana.

"Nilikuja hapa na nyundo," anasema. "Sikuja na chokaa."

Emerensiana ana miaka hamsini na sita. Alizaliwa Mkumbi, akamaliza darasa la saba, akaolewa na fundi mwashi aliyeitwa Ignatio. Kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa kumbebea mumewe maji na mchanga. Ignatio alikuwa mtu wa kulala kidogo baada ya chakula cha mchana, na katika nusu saa hizo mkewe alichukua mwiko akajaribu mkono. Mume akiamka anakuta ukuta umeongezeka safu mbili. Mwanzoni aligomba, baadaye akaanza kulala saa nzima.

Ignatio alifariki mwaka 2007. Emerensiana akabaki na mtoto mmoja, Edmund, na sanduku la vifaa. Mji wa Mbinga haukuwa umezoea kumwona mama juu ya jukwaa, na watu walisema waliyosema. Alianza na majiko, akaja kwenye vyoo, halafu kuta za uzio. Alijifunga kibwebwe kwelikweli.

Kazi iliyomtoa ilikuja mwaka 2010. Kahawa ilikuwa imelipa vizuri na chama cha ushirika kinachomiliki Nyumba ya Makarani kiliamua kuipendezesha. Lipu ya zamani, ile ya chokaa, ilikuwa imeanza kupukutika na kuonekana ya kizamani. Ushirika ulitaka simenti. Wajumbe walisema nyumba ivalishwe suti.

Emerensiana aliivalisha. Alibandua chokaa yote ya nje, akapiga lipu ya simenti pande zote nne, nzito, laini, iliyonyooka kwa uzi na timazi. Watu walikuja kuitazama. Kutokana na kazi hiyo alipata nyingine tisa, akanunua kiwanja na akamsomesha Edmund hadi chuo cha ualimu.

Mwaka huo huo, ili nyumba ifanane na suti yake, wapangaji walifanya kazi ya pamoja Jumamosi mbili mfululizo wakasawazisha ngoro zilizokuwa nyuma ya jengo. Msomaji asiyefika Umatengoni ajue kwamba ngoro ni mashimo yanayopangwa kama vyumba vya sega la nyuki kwenye miteremko. Mvua ikinyesha, maji yanaingia shimoni na kutulia humo, hayakimbii na udongo. Wamatengo wamelima hivyo enzi na enzi, na milima yao haijaporomoka.

Aliyehimiza zisawazishwe ni Mzee Raimundi Kinunda, karani mstaafu wa chumba namba tatu, mwenye miaka sabini na tisa. Anakiri kwa shingo upande.

"Nilisema ngoro ni za Litembo na Mkumbi, sisi tuko mjini," anasema. "Nilitaka tupande nyasi fupi kama za ofisini."

Wakapanda nyasi. Zikapendeza. Suti mbele, nyasi nyuma, na mji mzima ukaridhika. Mwandishi wa makala haya ameona nyumba nyingi zilizoridhisha mji mzima, na nyingi kati ya hizo hazipo tena.

Ndani ya miaka sita kuta zilianza kuvimba. Madoa meupe yakajitokeza vyumbani, yale ambayo watu huyaita fangasi. Watoto wakaanza kukohoa. Nyufa zilipotokea zilizibwa kwa simenti nyingine. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, lakini hapa walikuwa wanaziba ufa kila mwaka na bado walikuwa njiani kuujenga ukuta.

Machi mwaka 2024 kipande cha ukuta wa baraza ya juu, kikubwa kama mlango, kilianguka saa tano asubuhi. Kiliangukia beseni la Hafidha. Dakika chache kabla, mwanawe wa miaka minne alikuwa ameketi kando ya beseni hilo akicheza na povu.

"Sikulia siku ile," anasema Hafidha, ambaye babu yake alikuja Mbinga kutoka Kilwa kufungua duka. "Nililia siku ya tatu, nilipokwenda kununua beseni jingine."

Ushirika ulileta mhandisi. Akapima, akaandika kwamba jengo limechoka na kuta za nje zimejaa maji. Wajumbe wakaamua libomolewe na pajengwe fremu za maduka. Wapangaji wakapewa miezi mitatu. Kwa Hafidha, anayelipa shilingi elfu thelathini kwa mwezi, chumba cha ukubwa ule mjini kilikuwa kinakaribia mara mbili ya hapo, na cherehani yake isingekaa popote.

Matofali ya zamani yana soko. Ushirika ukatafuta fundi wa kuyatoa moja moja bila kuyavunja, na jina lililotajwa kwanza ni la Emerensiana. Mkataba wa miezi miwili, shilingi elfu ishirini na tano kwa siku. Alikubali siku hiyo hiyo.

Asubuhi ya kwanza, mwezi wa Julai, alianza na ukuta wa nyuma. Aligonga lipu yake mwenyewe mpaka ikabanduka kipande kizima. Nyuma yake matofali yalikuwa meusi kwa maji, laini kiasi cha msumari kuingia kwa kidole. Kiangazi kilikuwa kimeingia mwezi wa tatu, tone la mvua halijaanguka kwa wiki tisa.

Akaenda chini ya ngazi, mahali ambapo mwaka 2010 hakupafikia kwa sababu palikuwa na magunia ya watu. Pale chokaa ya zamani ilikuwa bado ipo, chafu, imepasuka pasuka. Akaibandua kidogo na kugonga tofali. Likalia kama kengele.

"Nikakaa chini," anasema. "Nilielewa palepale. Nyumba haikuwa imezeeka. Mimi ndiye niliyekuwa naiua."

Anaeleza kwa lugha ya kazi yake. Nyumba ya Makarani imejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa nje kidogo kidogo, na chokaa huyapa njia. Simenti haiyapi. Maji yaliyokuwa yakishuka mlimani, baada ya ngoro kuondolewa, yalikuja moja kwa moja kwenye msingi, yakapanda ukutani na kukuta mlango umefungwa.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa kumbukumbu. Katika miaka ya tisini alimwona Ignatio akiloweka chokaa shimoni kwa miezi mitatu, walipokuwa wakikarabati nyumba ya zamani ya mapadri kando ya ziwa.

"Sikumuuliza kwa nini," anasema. "Nilidhani tunafanya hivyo kwa sababu simenti ni ghali. Nilimwonea huruma, kumbe yeye ndiye angenionea mimi."

Kwa siku tatu hakumwambia mtu. Aliendelea kufika kazini, akitoa matofali ya kibanda cha stoo ambacho hakina mpangaji, taratibu, huku wapangaji wakimsalimia. Asiposema, analipwa miezi miwili na jengo linaondoka na siri yake. Akisema, nani atampa tena ukuta? Katika mji mdogo fundi hana cheti kingine zaidi ya jina lake.

Alimpigia simu Edmund, ambaye sasa ni mwalimu Songea. Mwanawe akamwambia anyamaze.

"Aliniuliza, 'Mama, kwani nani amekuuliza?'" anasema Emerensiana. "Usiku sikulala, lakini asubuhi nilikuwa nimeamua."

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Siku ya nne aliomba wajumbe wa ushirika na wapangaji wakutane kwenye ghala la kahawa. Walifika watu kama arobaini wakidhani anataka nyongeza ya malipo. Alibeba matofali mawili ndani ya karai, moja la ukuta wa nyuma na moja la chini ya ngazi. Akayaweka juu ya mzani wa kahawa, moja baada ya jingine. La ukuta wa nyuma lilizidi kwa zaidi ya nusu kilo.

Kisha akawaambia kwamba uzito ule ni maji, na kwamba aliyeyafungia humo ni yeye.

Mwenyekiti wa ushirika, Victor Hyera, alikuwa wa kwanza kuzungumza, na hakuzungumza kwa upole. Alimuuliza kama anajua amewagharimu kiasi gani. Akajibu kwamba anajua, ndiyo maana amekuja kusema kabla hawajaongeza gharama nyingine.

Alichoomba ni kifuku kimoja, kama watu wa huku wanavyouita msimu wa mvua. Atabandua simenti yote, kuta zikauke, apige chokaa, na nyuma ya nyumba zirudishwe ngoro. Mwezi wa tano mhandisi arudi na kipimo chake. Kuta zikikutwa na maji, atalibomoa jengo bila kudai hata senti. Na kwa kazi yote hiyo alipwe kama kibarua, elfu kumi na mbili kwa siku.

Wajumbe walibishana hadi jioni. Hyera anasema wazi kwamba hakushawishika na matofali bali na hesabu: kubomoa na kujenga upya kulikadiriwa kula shilingi milioni mia tatu na themanini, nyingi za mkopo. Ukarabati ulikadiriwa milioni arobaini na moja.

"Mimi nilikuwa nimeshazipenda zile fremu," anasema akicheka. "Nilimpa mama kifuku kimoja nikijua atashindwa. Mungu anisamehe."

Habari ilisambaa kabla ya jua kuzama. Wiki iliyofuata mteja mmoja alimteremsha jukwaani katikati ya kazi. Mwingine alituma ujumbe wa simu kwamba ameahirisha. Kuanzia Agosti hadi Desemba Emerensiana hakupata kazi nyingine yoyote mjini.

Kazi ya Nyumba ya Makarani yenyewe haikumpa nafasi ya kusononeka. Walichimba shimo la kulowekea chokaa, yaani mawe yaliyochomwa yanayoletwa kwa lori kutoka upande wa Mbeya. Yalipomwagiwa maji yakachemka yenyewe na kutoa moshi, na Mzee Raimundi akatoka chumbani kwake na ndoo akidhani pameshika moto. Bado wanamtania.

Simenti ilibanduliwa kuanzia juu kwenda chini, na kuta zikaachwa uchi miezi miwili zikipigwa na upepo wa kiangazi. Chokaa ilipoiva na kuwa laini kama siagi ikachanganywa, ndoo moja kwa tatu za mchanga. Lipu ya chokaa haitaki haraka wala jua kali, kwa hiyo kila upande uliomalizika ulifunikwa kwa magunia ya kahawa yaliyoloweshwa, yakirudiwa kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Hafidha na wenzake waligawana zamu. Kwa wiki kadhaa nyumba nzima ilinuka magunia.

Ukuta wa mashariki haukuwahi. Mvua zilianza, ukaachwa bila lipu chini ya turubai. Ndio huo anaoumalizia sasa.

Zilibaki ngoro. Kwa kawaida huchimbwa mwezi wa tatu, udongo ukiwa umelainika. Wao walichimba mwishoni mwa Novemba, mvua za kwanza tu, na wapita njia walisimama kuwacheka. Wanaume walifyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba, wanawake wakachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo, kama desturi inavyotaka. Mzee Raimundi alipanga nyasi zake mwenyewe, na hakuna aliyemkumbusha jambo lolote. Hafidha hakuwahi kushika jembe la ngoro maishani mwake. Shimo lake la kwanza lilitoka duara, na wenzake walisema hilo ni la kupikia pilau.

Februari mwaka huu ilinyesha siku tatu bila kukata. Asubuhi ya siku ya nne Mzee Raimundi alimpigia simu Emerensiana. Hakueleza kitu, alisema tu aje.

"Nilipanda bodaboda," anasema. "Nilijua imeanguka."

Alimkuta mzee amesimama nyuma ya nyumba na mwavuli. Akamwamkia. Mzee hakuitikia, alimwonyesha kwa kidole. Ngoro zote zilikuwa zimejaa maji hadi ukingoni, safu kwa safu, na chini yake, kwenye msingi, udongo ulikuwa na unyevu wa kawaida tu. Emerensiana akaweka kiganja ukutani, akakitoa, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

"Shikamoo yako nimeiitikia sasa," Mzee Raimundi akamwambia. "Marahaba, mwanangu. Twende ukanywe chai."

Anasema alikunywa vikombe vitatu na hakumbuki ladha ya hata kimoja.

Hukumu yenyewe ilitolewa mwishoni mwa Mei. Mhandisi alirudi na kifaa chake chenye meno mawili kinachochomekwa ukutani na kusoma kiasi cha maji. Alipima sehemu ishirini na sita, Hyera akifuata nyuma na daftari, wapangaji wakifuata nyuma ya Hyera. Hakuna sehemu iliyovuka kiwango. Alipomaliza alirudia ukuta wa nyuma mara ya pili kwa kuwa hakuamini, akapata jibu lile lile.

Hafidha anasema hakuna aliyeshangilia. Watu waliachana, kila mmoja akaingia chumbani kwake, na baada ya dakika chache redio zikaanza kusikika mlango kwa mlango. Yeye alipanda juu, akaifungua kamba ya baraza na kukiingiza kile kibao cha hatari jikoni. Sasa anakitumia kukatia vitunguu.

Ushirika umemwandikia Emerensiana barua ya kumrudishia malipo ya fundi kamili kwa ukuta uliobaki. Hyera anasema fremu watazijenga, ila kwenye kiwanja kingine. Wateja wawili waliokimbia wamepiga simu. Mmoja ni yule aliyemteremsha jukwaani.

Emerensiana anakiri kwamba amepumua. Kwa mwaka mzima alikuwa akipita mbali na jengo hili siku za Jumapili, akienda kanisani kwa njia ndefu ili asilione. Sasa anapita mbele yake na kitenge kipya, polepole, na akiulizwa anapoelekea anajibu kwa sauti.

Lakini ana karatasi moja mfukoni mwa koti lake la kazi. Ni majina ya zile kazi tisa alizopata kwa sababu ya suti ya Nyumba ya Makarani. Sita zilikuwa nyumba mpya za tofali za simenti, hizo hazina tatizo. Moja ya zamani ilishabomolewa na mwenyewe, na Emerensiana hataki kuizungumzia. Mbili bado zimesimama ndani ya lipu yake.

Ya kwanza iko Kihagara, huko bondeni upande wa ziwa. Ni nyumba ya duka ya Thabiti Abdulazizi, iliyojengwa na babu yake kwa matofali ya kuchoma na udongo. Emerensiana aliipiga simenti mwaka 2012, na mwenyewe hajawahi kulalamika. Kuta zake, anavyosikia, zimeanza kuvimba kidogo upande wa stoo, na Thabiti anadhani ni umri.

Jumatatu akimaliza ukuta wa mashariki atapanda gari la kuteremkia Mbamba Bay, kisha atafute bodaboda. Edmund ameshamwambia kwa simu kwamba hana haja ya kwenda, kwamba jina lake ndiyo kwanza limerudi.

"Yule baba ananisifia mpaka leo," anasema Emerensiana, akiupangusa mwiko kwa gunia. "Mtu akiingia dukani kwake akauliza fundi mzuri, ananitaja mimi, anamwonyesha na ukuta. Nataka nifike kabla hajamwonyesha mwingine."